Podikasti na Biashara Ndogo: Chema Nacho Kijitembeze

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpenzi msomaji, mimi siwapingi wahenga hata kidogo. Hata hivyo, nina swali moja ambalo limenisumbua kwa muda. Kibaya kikijitembeza hadi mlangoni kwa mnunuzi, nacho chema kimekaa kimya shambani kikingoja kujiuza, ni kipi kitakachonunuliwa kwanza? Kwetu Murang'a jibu nimeliona kwa macho yangu, na si jibu la kufurahisha.

Lengo la makala haya ni kueleza jinsi mwenye biashara ndogo, awe fundi cherehani, muuza miche, mfugaji wa nyuki au mwenye saluni, anavyoweza kutumia podikasti ili chema chake kisikike. Sitaki kumdanganya mtu kwamba podikasti ni dawa ya kila ugonjwa. Nitaeleza ni kitu gani, kilitoka wapi, kinagharimu nini na kinashindwa wapi. Basi tuandamane.

PODIKASTI NI NINI?

Podikasti ni mfululizo wa vipindi vya sauti vinavyowekwa kwenye intaneti ili msikilizaji avisikilize wakati anaotaka yeye. Hapo ndipo inapotofautiana na redio. Kipindi cha redio kikikupita, kimekupita. Ukiwa unachota maji saa nne na kipindi kiko hewani saa nne, umekikosa. Podikasti hukungoja. Waweza kuisikiliza leo, kesho au mwaka ujao. Waweza kuisimamisha ukaitikie hodi mlangoni, kisha ukaendelea pale pale ulipoachia.

Jambo la pili ni kwamba podikasti kamili huwa na orodha maalum ya vipindi vyake, inayoitwa RSS. Mwenye podikasti akiongeza kipindi kipya, orodha hiyo hubadilika. Programu iliyo kwenye simu ya msikilizaji huichungulia orodha na kumletea kipindi bila yeye kukitafuta. Ni kama gazeti uliloliagiza mara moja likawa linaletwa mlangoni kila wiki, ila hili aghalabu halina bei. Pamoja na hayo, huku kwetu watu wengi hupitisha vipindi kwa WhatsApp kama faili za sauti tu. Mtaalamu anaweza kusema hiyo si podikasti hasa. Muuza miche hana haja ya ubishi huo, mradi ujumbe umefika.

CHIMBUKO LAKE

Kutumia sauti kuuza bidhaa si jambo la leo. Mwaka 1924 kampuni ya Sears ya Marekani, iliyokuwa ikiuza bidhaa kwa posta, ilianzisha kituo cha redio mjini Chicago kilichoitwa WLS. Herufi hizo zilisimamia maneno yenye maana ya duka kubwa kuliko yote duniani. Wakulima walisikiliza habari za soko na muziki, na jina la duka likawakaa kichwani. Mwaka 1933 kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble ilidhamini mchezo wa redio uitwao Ma Perkins. Michezo ya namna hiyo ndiyo iliyopewa jina la michezo ya sabuni, jina ambalo Waingereza na Wamarekani wanalitumia hadi leo hata pale ambapo sabuni haitajwi.

Podikasti yenyewe ni changa. Mapema miaka ya 2000 mtaalamu wa programu aitwaye Dave Winer aliiwezesha orodha ya RSS kubeba faili za sauti. Adam Curry, aliyekuwa mtangazaji wa televisheni, akaieneza mwaka 2004. Mnamo Februari mwaka huo huo, mwandishi Ben Hammersley alilitumia neno lenyewe katika gazeti la The Guardian la Uingereza. Alilitunga kwa kuunganisha jina la iPod, kichezeo cha muziki cha kampuni ya Apple, na neno la Kiingereza lenye maana ya kutangaza. Juni 2005 Apple ikaweka podikasti katika programu yake ya iTunes, na mamilioni ya watu wakazifikia. Jambo la kuchekesha ni kwamba Apple iliacha kutengeneza iPod mwaka 2022, lakini jina lake limebaki midomoni mwetu. Mwenye jina kaondoka, jina limebaki.

Hapa Kenya pia mambo hayakulala. Adelle Onyango, aliyejulikana kama mtangazaji wa redio, alianzisha podikasti ya Legally Clueless mwaka 2019, na watu wengi wa bara hili wamesimulia maisha yao humo.

Kuhusu biashara, mfano unaotajwa sana ni wa Alex Blumberg wa Marekani. Mwaka 2014 aliacha kazi ya redio akaanzisha kampuni ndogo pamoja na mwenzake Matthew Lieber. Kampuni hiyo waliipa jina la Gimlet. Badala ya kujisifu, alirekodi kila hatua akaitoa kama podikasti iitwayo StartUp. Humo ulimsikia akibabaika mbele ya tajiri aliyemwomba mtaji, ukamsikia akibishana na mwenzake juu ya kugawana hisa, na ukamsikia akizungumza na mkewe nyumbani. Wasikilizaji walimwamini kwa sababu hakuficha udhaifu wake, na baadhi yao waliingiza pesa zao katika kampuni hiyo. Mwaka 2019 Spotify ikainunua Gimlet. Mwaka 2023 ikaiunganisha na studio nyingine na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Funzo hapo ni mawili: ukweli huvuta watu, lakini umaarufu si kinga ya biashara.

KWA NINI SAUTI?

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini nisiandike karatasi nikabandika ukutani? Sababu ni tatu.

Kwanza, mikono ya watu wa kazi haina nafasi. Msusi yuko kichwani mwa mteja, mkulima ameshika jembe, dereva ameshika usukani. Hawa hawawezi kusoma, lakini masikio yao yako huru.

Pili, sauti haili bando kama video. Hebu tupige hesabu kidogo. Sauti ya mazungumzo husikika vizuri ikirekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Baiti moja ina biti 8, kwa hivyo hizo ni kilobaiti 8 kwa sekunde, sawa na kilobaiti 480 kwa dakika. Kipindi cha dakika 10 kitakuwa kilobaiti 4,800, yaani karibu megabaiti 5 tu. Video ya dakika hizo hizo inaweza kula mara kumi ya hapo na zaidi.

Tatu, sauti hujenga imani. Ukimsikia mtu akieleza kazi yake kwa utulivu, akikohoa, akicheka, akisema hili silijui, unaanza kumjua. Na mnunuzi wa kijijini huuliza kwanza: huyu ni nani?

MFANO: KITALU CHA TATA

Sasa nije kwa mambo ya nyumbani. Tata, ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, ana kitalu cha miche ya parachichi huko upande wa Kandara. Miche yake ni ya Hass, na ni ya kubebesha, ile ambayo wakulima wa kwetu huiita grafti. Yaani yeye huotesha kokwa la avokado la kienyeji. Mche ukifika unene wa penseli huukata kichwa, huupasua kidogo, huchomeka kitawi cha Hass kilichochongwa kama kabari, kisha hufunga kwa utepe wa plastiki mpaka vishikane.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu kokwa la Hass ukilipanda halitoi Hass. Miti yote ya Hass duniani ilitokana na mti mmoja wa Rudolph Hass, mpeleka barua wa California, aliyeupatia hataza mwaka 1935. Mti mama huo ulikufa mwaka 2002. Wajukuu zake wapo kwa sababu ya kubebesha tu. Mche wa kubebesha huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Wa kokwa unaweza kukungojesha miaka mitano, saba au zaidi, na tunda lake hulijui.

Mche wa Tata ni shilingi 150. Lakini pale barabarani husimama pikapu zenye miche ya shilingi 50, na wenye pikapu huapa kwa jina la Mungu kwamba ni Hass. Ukiiangalia haraka, majani ni yale yale. Hicho ndicho kibaya kilichojitembeza. Kufikia mwaka 2024 Tata alikuwa na miche iliyozeeka kwenye vikaratasi vyake bila mnunuzi, na binamu yangu alikuwa amerudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya karo. Tata alianza kusema atang'oa kitalu apande nepia ya ng'ombe.

Likizo ya Desemba 2024 nikamwambia tujaribu podikasti. Alinicheka.

"Wewe soma vitabu vyako," akasema. "Nani atakaa kunisikiza nikiongea juu ya mchanga na samadi?"

"Tata, wale wanaokupigia simu kila siku ndio hao watakaosikiza."

"Kwani ni watu wangapi hao?"

"Tuhesabu."

Basi kwa majuma mawili kila swali lililoulizwa, kwa simu au pale kitaluni, tuliliandika kwenye daftari. Yalifika maswali 31. Tulipoyapanga tukaona kumbe ni maswali tisa tu yanayorudiwa rudiwa. Shimo liwe kubwa kiasi gani? Nitajuaje kama mche ni wa kubebesha? Kwa nini maua yanaanguka? Na kadhalika. Maswali hayo tisa yakawa vipindi tisa. Hatukuwa na haja ya kutafuta cha kusema. Wateja walikuwa wametuandikia tayari.

Kipindi cha tatu ndicho kilichobadilisha mambo. Kuna guka mmoja jirani aliyepanda miche 40 ya pikapu. Aliipalilia, akaitia samadi, akaimwagilia maji kwa mkono wakati wa kiangazi. Mwaka wa sita ilikuwa mirefu na mizuri, bila tunda hata moja. Tata alipomwomba aeleze habari hiyo, mwanzoni alikataa katakata.

"Unataka nikatangaze ujinga wangu kwa watu?"

Tata akamjibu kwa heshima, "Guka, huo si ujinga wako. Ni uongo wa mtu mwingine. Ukinyamaza, wiki hii kuna mwingine atauziwa."

Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Haya, leta hiyo simu yako." Alisema kwa dakika saba bila kusimama. Hakumtaja mtu kwa jina. Alieleza tu gharama ya miaka sita kwa mtu wa umri wake. Mwishoni akasema, "Mimi miaka sita mingine sina ya kuchezea." Kipindi hicho ndicho kilichopitishwa kutoka simu hadi simu kuliko vyote.

HATUA ZA KUFUATA

Kutokana na kazi ile, na yale niliyosoma, nimezipanga hatua hivi:

1. Mjue msikilizaji wako. Usiseme "watu wote". Sema, kwa mfano, "mkulima mwenye robo ekari anayetaka kupanda parachichi kwa mara ya kwanza."

2. Kusanya maswali ya wateja kwa daftari. Kila swali linalorudi ni kipindi.

3. Kipindi kimoja, jambo moja. Ukichanganya mashimo, dawa na bei, msikilizaji atatoka bila kitu. Dakika nane hadi kumi na mbili zinatosha.

4. Fundisha kwanza, uza baadaye. Sisi tulikuwa na kanuni: dakika tisa ni za mkulima, dakika moja ni ya Tata. Mtu aliyefundishwa bure huona haya kununua kwingine.

5. Chagua mahali pa kurekodi. Chumba chenye nguo, godoro na mapazia ni kizuri kwa sababu vitu laini humeza mwangwi. Epuka nyumba ya mabati mvua ikinyesha. Simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige. Zima mtandao ili isilie katikati. Rekodi sekunde thelathini za majaribio usikilize kabla ya kuanza.

6. Hariri kwa kiasi. Kwenye kompyuta kuna programu ya bure iitwayo Audacity, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Ondoa makosa makubwa na ukimya mrefu. Usiondoe kila "eeh", maana utamfanya mtu asikike kama mashine.

7. Pakia na utaje wazi. Kuna kampuni zinazohifadhi podikasti bila malipo. Jina la kipindi liwe swali lenyewe, kwa mfano "Nitajuaje mche wa kubebesha?" Kwenye maelezo andika mahali ulipo na namba ya biashara.

8. Shika ratiba. Podikasti nyingi hufa baada ya vipindi vichache. Afadhali vipindi tisa vilivyotangazwa kuwa tisa vikaisha, kuliko kuahidi kila wiki na kutoweka.

9. Malizia kwa ombi moja tu. Usimwambie msikilizaji apige simu, atume ujumbe, aje, asambaze na ajiandikishe, yote kwa pumzi moja. Chagua moja.

LUGHA YA SIKIO

Hapa ndipo sisi wa Chama cha Kiswahili tunapohitajika hasa. Lugha inayopendeza jichoni si lazima ipendeze sikioni. Msomaji akipotea hurudi mstari wa juu. Msikilizaji akipotea huzima.

Tazama sentensi niliyomwandikia Tata mara ya kwanza: "Miche iliyozalishwa kwa njia ya makokwa, ambayo aghalabu huuzwa kandokando ya barabara kwa bei nafuu, huchukua muda mrefu kabla ya kuzaa na matunda yake huweza yasifanane na yale ya mti mama." Hakuna kosa la sarufi hapo. Mwalimu angeitia tiki. Tata aliisoma mara moja akaiweka karatasi chini, akasema kwa maneno yake:

"Mche wa kokwa ni rahisi kununua. Lakini utangoja. Utangoja miaka mitano, sita, saba. Na ukizaa, tunda lake huenda lisifanane na la mama yake."

Msomaji, umeona tofauti? Sentensi ni fupi. Neno "utangoja" limerudiwa, na katika insha tungeambiwa tuepuke marudio, lakini sikioni marudio ni msumari. Vishazi tegemezi vimekatwa. Namba zinahesabika kama hatua za mtu anayetembea.

Suala jingine lilikuwa lugha gani itumike. Tata ni fasaha sana kwa Gikuyu. Lakini parachichi hazilimwi Murang'a pekee. Ziko Kisii, Meru na Nandi, na ng'ambo ya mpaka ziko Njombe huko Tanzania. Tukasema Kiswahili, tena Kiswahili cha kueleweka. Sheng si dhambi, ila ya Nairobi leo huenda mtu wa Njombe asiielewe kesho. Nao msamiati mgumu wa kitabuni ulihitaji maelezo. Kila tuliposema "kubebesha" tuliongeza "yaani kuunganisha kitawi cha Hass na shina la kienyeji." Kwa njia hiyo mkulima alipata mche na neno jipya pamoja.

SHERIA NA ADABU

Kuna mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, usiweke wimbo wa msanii kama muziki wa kufungulia kipindi bila ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda kazi hizo. Sisi tulitumia sauti ya ndege wa asubuhi pale kitaluni, na hawakudai chochote. Pili, omba idhini kabla ya kurekodi sauti ya mtu na umweleze itatumika wapi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusika, na hata isingekuwepo, hiyo ni adabu. Tata alimchezea guka rekodi yake yote kabla haijatoka. Tatu, usimtaje mshindani kwa ubaya. Fundisha watu kuitambua bidhaa nzuri, wao wenyewe watajua la kufanya. Tata aliwaambia tu: tafuta kovu la kuunganishwa juu ya udongo, angalia kama rangi ya gome la chini na la juu inatofautiana, na muulize muuzaji kama kitalu chake kimekaguliwa na KEPHIS.

JE, FAIDA ILIONEKANA?

Hili ndilo swali la mwalimu wa Biashara, na ni swali zuri. Mauzo yakipanda huwezi kusema moja kwa moja kwamba ni podikasti. Huenda mvua ilikuwa njema, huenda jirani alifunga kitalu. Kwa hivyo tuliongeza safu moja kwenye daftari la mauzo: "Umesikia habari zetu wapi?"

Kati ya Machi na Mei 2025 walikuja wanunuzi 58. Kati yao 17 walisema walisikia sauti ya Tata, au "ya yule mzee wa miaka sita". Hao 17 walinunua miche 390. Kwa shilingi 150 hizo ni shilingi 58,500. Lakini mauzo si faida, jamani. Kukuza mche mmoja humgharimu Tata kama shilingi 70, kwa hivyo toa shilingi 27,300. Zinabaki 31,200. Toa bando na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, jumla shilingi 2,500. Zinabaki shilingi 28,700. Tena kumbuka kila kipindi kilitula karibu saa nne, yaani saa 36 kwa vyote tisa. Na baadhi ya hao 17 huenda wangekuja hata bila podikasti. Hiyo ndiyo hesabu ya haki.

Si utajiri. Hata hivyo karo ya binamu yangu ililipwa, na tangu hapo hajarudishwa nyumbani. Habari ya nepia haijasikika tena.

INAPOSHINDWA

Podikasti haimfai kila mtu. Mama mboga ambaye wateja wake hupita mbele ya kibanda kila jioni hana haja nayo. Tabasamu na kipimo cha haki vinamtosha. Bidhaa inayohitaji kuonekana, kama kitambaa au kiti, huhitaji picha pamoja na sauti. Tena, si kila mtu ana simu ya intaneti. Tata alilitatua hilo kwa kupeleka spika ndogo kwenye mkutano wa chama chao cha akina mama, wakasikiliza pamoja na kuuliza maswali hapo hapo. Aidha, podikasti haiwezi kuokoa bidhaa mbovu. Itaeneza tu ubovu wake haraka zaidi. Ukisifu mche kwa sauti tamu na mche ukafa, sauti ile ile ndiyo watakayoikumbuka.

HITIMISHO

Wanachama wenzangu, simu hairuhusiwi shuleni, na sisemi tuvunje sheria. Lakini likizo zipo, na kila mmoja wetu ana fundi, mfugaji au mkulima nyumbani ambaye kazi yake ni nzuri na jina lake halijavuka kijito. Sisi tuna Kiswahili. Tunaweza kumkalia kitako na daftari, tukakusanya maswali ya wateja wake, tukamwandikia maneno mafupi ya sikio, kisha tukanyamaza tumwachie aseme kwa sauti yake. Insha tunazozipata alama kumi na nane kwa ishirini zitakuwa na kazi nyingine nje ya darasa.

Chema chajiuza, ndiyo. Lakini kikipata mtu wa kukisemea, hufika sokoni mapema.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Taja tofauti mbili kati ya kipindi cha redio na podikasti.
2. Kipindi cha dakika 15 kikirekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde kitakuwa na kilobaiti ngapi?
3. Kwa nini mwandishi hakuchukua shilingi 58,500 kuwa faida ya podikasti?
4. Igeuze sentensi hii iwe ya sikio: "Asali ambayo haijachanganywa na sukari, iwapo itahifadhiwa katika chombo kilichofunikwa barabara, inaweza kudumu kwa muda mrefu bila kuharibika."
5. Mtafute mwenye biashara ndogo kijijini kwenu. Andika maswali matano ambayo wateja humwuliza kila mara.

Kiswahili kitukuzwe!